Bomba linalopita chini ya barabara bila kuipasua: mambo ya kujua kabla mashini haijafika



Ukiamka mapema Goma, kabla jua halijachomoza, unakutana nazo njiani: bidoni za manjano. Zinateremka ziwani zikiwa tupu na kupanda zikiwa zimejaa, nyingine mgongoni mwa mama, nyingine kichwani mwa msichana ambaye saa moja na nusu anatakiwa kuwa shuleni, nyingine zimefungwa juu ya chukudu. Bidoni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mama mwenye watoto watano hawezi kumaliza siku kwa bidoni moja. Tunaishi kando ya ziwa kubwa, lakini maji yake bado yanapanda mjini kwa nguvu za shingo zetu.

Kwa hiyo tukisikia kwamba mabomba mapya yatapitishwa mtaani, sisi ndio wa kwanza kufurahi. Lakini kwa kawaida sisi ndio wa mwisho kuulizwa. Makala ya juma hili inahusu hilo. Nitawaeleza namna moja ya kupitisha mabomba chini ya ardhi bila kupasua barabara, inavyofanya kazi, uzuri wake na hatari zake. Mwishoni tutaona kazi ambayo kikundi chochote cha wamama kinaweza kuifanya tangu sasa, hata kama mashini hiyo itafika baada ya miaka mitano.

Mfereji uliokaa wazi

Nianze na yaliyotupata mtaani kwetu. Vijana walikuja na nyundo na mitalimbo, wakaanza kupasua mawe ya volkano kutoka kona ya duka hadi chini kwenye njia panda. Tulifurahi, tukawapa chai. Juma la kwanza likapita, la pili likapita, kisha kazi ikasimama, na hakuna aliyetuambia sababu. Mfereji ulikaa wazi karibu miezi miwili.

Mama anayeuza sambaza alipoteza mahali pa kuweka meza yake, kwa sababu wateja hawakuweza kuvuka. Mtoto wa jirani, wa miaka sita, alitumbukia usiku umeme ulipokatika, akavunjika mkono. Mvua iliponyesha, mfereji ukawa mto mdogo uliobeba takataka zote za mtaa. Na kazi ilipoanza tena, nyundo ilipiga bomba la zamani. Siku nne hatukupata maji. Yaliporudi yalikuwa ya rangi ya kahawia, na katika nyumba tatu watoto waliharisha.

Mama mmoja mzee, aliyekaa mtaani hapo tangu kabla ya volkano ya mwaka 2002, alisimama kwenye kizingiti chake akasema: "Bomba hilo la zamani linapita karibu na mparachichi. Nililiona likiwekwa. Hakuna aliyeniuliza."

Maneno hayo yalinikaa moyoni. Siku chache baadaye, katika mkutano wetu, dada mmoja aliuliza: hakuna njia ya kupitisha bomba bila kufungua barabara yote? Nilienda kutafuta. Njia ipo.

Kama kuingiza lastiki kwenye sketi

Kila mama aliyeshona sketi anaijua kazi hii. Unataka lastiki ipite ndani ya pindo la kiuno. Hufumui pindo lote. Unaacha tundu dogo, unafunga pini kwenye ncha ya lastiki, unaisukuma ndani. Macho hayaioni pini, lakini vidole vyako vinaifuata kwa nje: imefika hapa, imekunjika, nyoosha kidogo, endelea. Mwishoni pini inatokea upande wa pili, unaivuta, na lastiki imekaa mahali pake.

Kutoboa ardhi kwa ulalo kunafanana sana na hilo. Mashini inawekwa upande mmoja wa barabara, au wa mto, au wa korongo. Inaingiza chuma kirefu ardhini kwa kuinama, mara nyingi kati ya digrii 8 na 20. Chuma hicho kinashuka, kinalala chini ya barabara, kisha kinapanda na kutokea upande wa pili. Watu wanaendelea kupita juu, na meza ya sambaza inabaki mahali pake. Kinachochimbwa ni shimo moja la kuingilia, shimo moja la kutokea, na vijishimo vichache vya kuchungulia ambavyo nitavieleza baadaye.

Kazi ina hatua tatu.

Ya kwanza ni kutoboa tundu dogo la kuongoza njia. Kichwa cha chuma kina uso uliokatwa kwa upande, kama ncha ya kalamu iliyochongwa upande mmoja. Mashini ikikizungusha huku inasukuma, kinaenda moja kwa moja. Ikiacha kukizungusha na kusukuma tu, kinapinda kuelekea pale uso ule ulipoelekea. Hivyo ndivyo fundi anavyokiongoza. Ndani ya kichwa kuna chombo kidogo kinachotuma mawimbi, na juu ya ardhi fundi mwingine anatembea na kipokezi mkononi, akisoma kichwa kiko wapi, kiko chini kiasi gani, kimeinama namna gani. Ni vile vidole vya mama vinavyoifuata pini.

Ya pili ni kupanua tundu. Kichwa kikishatokea upande wa pili, kinaondolewa, na mahali pake panafungwa chuma kinene chenye meno. Kinavutwa kurudi kilikotoka huku kinapanua. Kwa kawaida tundu hufanywa pana kuliko bomba kwa mara moja na nusu: bomba la sentimita 20 linahitaji tundu la sentimita 30 hivi. Bomba likiwa kubwa, upanuzi unarudiwa mara kadhaa.

Ya tatu ni kuvuta bomba lenyewe. Linafungwa nyuma ya chuma kile kwa kiungo kinachozunguka, ili chuma kikizunguka bomba lisizunguke nalo. Mashini inavuta polepole hadi bomba limepita lote.

Kwa maji ya mjini, bomba linalotumika sana katika kazi hii ni la plastiki ngumu ya polietileni, kwa sababu linakubali kupinda. Vipande vyake haviungwi kwa gundi. Ncha mbili zinapashwa moto kwenye sahani ya chuma yenye zaidi ya digrii 200, kisha zinakandamizwa pamoja mpaka zinapoa. Kiungo kilichofanywa vizuri kinakuwa kitu kimoja na bomba, na maji hayana mahali pa kuvujia.

Ilianzia wapi

Mafundi wa visima vya mafuta walijua zamani kupindisha tundu chini ya ardhi. Mafundi wa barabara nao walijua kutoboa chini ya njia, lakini kwa kunyooka tu, bila usukani. Mkandarasi mmoja wa California, Marekani, aitwaye Martin Cherrington, aliunganisha maarifa hayo mawili. Mwaka 1971 alipitisha bomba la gesi la chuma, lenye upana wa sentimita 10 hivi, chini ya mto Pajaro karibu na mji wa Watsonville. Tangu hapo njia hiyo imesambaa duniani kwa mabomba ya maji, ya gesi, ya mafuta, na kwa nyaya za umeme na za intaneti.

Hata kwetu si mbali. Mradi wa mafuta wa Tilenga nchini Uganda, kando ya Ziwa Albert ambalo ni mpaka wetu na nchi hiyo, ulichagua njia hii ili mabomba yapite chini ya mto Nile, katika eneo la mbuga ya Murchison Falls, badala ya kuukata mto kwa mfereji. Wenye mafuta wanayo pesa, na sisi tunataka maji tu. Lakini mashini ikishafika Ziwa Albert, si ajabu kesho ikafika kwetu, iwe kwa maji, iwe kwa nyaya. Afadhali itukute tunajua.

Kwa nini bomba lifichwe chini

Wengine watasema: kwa nini tuhangaike? Si mabomba yetu mengi yanapita juu ya mawe na maji yanafika?

Ni kweli, na hapo ndipo ugonjwa unapoingilia. Katika mitaa mingi ya Goma mwamba wa volkano ni mgumu, kwa hiyo mabomba madogo yamelazwa juujuu tu. Gari linayakanyaga, moto wa takataka unayayeyusha, mtu asiye na maji anayatoboa. Maji yakiwa na nguvu, tundu hilo linavujisha nje. Lakini maji yakikatika, nguvu ndani ya bomba inashuka, na tundu lile lile linavuta uchafu wa njiani kuingia ndani. Maji yanaporudi, kikombe cha kwanza kinabeba yote hayo. Kolera haijaihama Kivu, na kila mama anayo habari ya jirani aliyekimbizwa hospitalini usiku.

Mnakumbuka pia tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka tena. Lava iliharibu sehemu ya mfumo wa maji, na watu wengi sana wa Goma wakakosa maji ya robine kwa siku nyingi. Bomba la chini ya ardhi halizuii volkano. Lakini bomba lililozikwa vizuri, lenye viungo visivyovuja, linatupunguzia magonjwa ya kila siku, ambayo yanatuumiza bila kutangazwa.

Uzuri wake una mipaka

Sitaki tudhani mashini hii ni dawa ya kila kitu.

Kwanza, ni ghali. Mashini yenyewe, mafuta yake na mafundi wanaoijua havipatikani kila mji. Faida yake inaonekana zaidi pale ambapo mfereji ungeleta hasara kubwa: kuvuka barabara kubwa, soko, mto au korongo. Kwa njia ndogo ya kufikisha bomba kwenye nyumba kumi, mfereji mfupi uliochimbwa vizuri na kufunikwa siku ile ile unaweza kutosha. Tena mfereji unawapa vijana wetu wengi kazi ya siku, lakini mashini inahitaji watu wachache tu.

Pili, udongo ndio unaoamua. Mashini inapenda udongo wa mfinyanzi na mchanga ulioshikamana. Mwamba wa Goma ni habari nyingine. Lava ikipoa inakuwa ngumu sana, na tena imejaa nyufa na mapango. Inahitaji vichwa maalumu vya kutobolea mawe, kazi inakwenda polepole, na bei inapanda. Bukavu shida ni tofauti: milima ya udongo wa mfinyanzi inateleza, na nyumba zinashuka nayo. Bomba likipitishwa ndani ya tabaka linalotembea litakatika, hata kama limewekwa na mashini nzuri namna gani. Lazima lipite chini ya tabaka hilo, au lipitie mahali pengine.

Tatu, mashini inakunywa maji. Kazi inatumia tope jembamba la maji na udongo laini uitwao bentoniti. Tope hilo linapoza kichwa cha chuma, linatoa nje vumbi la mawe, linazuia tundu lisibomoke, na linalainisha njia ya bomba. Kazi kubwa inaweza kutumia maelfu ya lita kwa siku. Katika mji ambao mama anapanga mstari kwa ajili ya lita 20, tuna haki ya kuuliza maji hayo yatatoka wapi. Yatoke ziwani kwa gari la tangi, yasitoke kwenye robine yetu.

Tope lenyewe pia lina tabia yake. Likikuta ufa, linakimbilia humo na linaweza kutokea juu, uani kwa mtu, shambani, kisimani au mtoni. Bentoniti ni udongo, si sumu, lakini inachafua maji na kufunika mayai ya samaki. Na kuna wanaochanganya dawa nyingine ndani yake. Fundi mzuri anaangalia kipimo cha nguvu ya tope kila dakika. Likianza kupotea anasimama, na likitokea juu analizungushia mifuko ya mchanga na kulinyonya. Ukiona tope la rangi ya kijivu linachipuka mahali ambapo hapakuwa na maji, usinyamaze. Waite mafundi, waondoe watoto, na kama ni karibu na kisima, msichote mpaka kipimwe.

Hatari kubwa ni kitu kisichoonekana

Mama anayesukuma pini ndani ya pindo anajua hakuna kitu kingine humo. Ardhi ya mjini haiko hivyo. Ina mabomba ya zamani, nyaya za umeme, nyaya za intaneti, mashimo ya vyoo. Kipokezi cha fundi kinamwambia kichwa chake kiko wapi. Hakimwambii kuna nini mbele yake.

Tarehe 19 Februari 2013, katika mji wa Kansas City, jimbo la Missouri huko Marekani, wafanyakazi waliokuwa wanapitisha waya wa mawasiliano kwa kutoboa chini ya ardhi walipiga bomba la gesi. Watu walisikia harufu. Wakati fulani ukapita huku gesi ikijikusanya ndani ya mkahawa uliokuwa karibu, kisha mkahawa ukalipuka na kuteketea. Mfanyakazi mmoja wa mkahawa alikufa na watu wapatao 15 waliumia. Hiyo ni nchi yenye ramani za mabomba na namba ya simu ya kupiga kabla ya kuchimba.

Kwetu hatuna mabomba ya gesi ya kupikia majumbani. Tuna kitu kingine, na ndicho kinachonitisha zaidi: vyoo. Familia inachimba shimo la choo, linajaa, linafunikwa kwa udongo, jipya linachimbwa pembeni. Baada ya miaka kumi mahali pale pamepandwa ndizi au pamejengwa jiko. Hakuna ofisi yenye ramani ya hayo. Mashini ina nguvu sana hivi kwamba inaweza kupita ndani ya shimo la choo bila fundi kuhisi. Bomba la maji ya kunywa linabaki limelala ndani ya kinyesi. Leo halivuji, na hakuna anayejua. Siku litakapopata ufa, na maji yakatike kama yanavyokatika kila mara, bomba litanyonya. Mtaa mzima utaugua, na watu watasema ni maji ya ziwa.

Kwa hiyo mafundi wanaofanya kazi vizuri wana sheria: pale ambapo njia yao itakutana na kitu kingine, wanachimba kwanza kijishimo kwa mkono, waone kwa macho, wapime kimekaa chini kiasi gani. Lakini ili wachimbe kijishimo, mtu lazima awaambie wachimbe wapi. Ni nani anayejua? Ni mama aliyekuwa anamwaga majivu kwenye choo kile, na nyanya anayejua mtoto wake mchanga alizikwa wapi uani mwaka wa vita.

Mashimo mawili na mazuku

Kwa sisi wa Goma, Sake na pembeni, kuna neno moja zaidi. Mnajua mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kujikusanya mahali pa chini. Haina harufu wala rangi. Inaua mbuzi, inaua kuku, inaua watu. Shimo la kuingilia na shimo la kutokea la mashini ni mahali pa chini, na hewa hiyo inaweza kujaa humo usiku.

Kwa hiyo shimo lizungushiwe ua mgumu, usio wa kamba tu. Mafundi wapime hewa kwa chombo kabla ya kushuka kila asubuhi. Tuwafundishe watoto: mpira ukiingia shimoni, mpira umekwenda. Na mtu akianguka akazimia humo, asishuke mwingine kumfuata bila kifaa cha kupumulia, hata kama ni ndugu yake. Aliyeshuka kuokoa anaweza kulala pamoja na aliyetaka kumwokoa. Ita msaada, na ikiwezekana mvute kwa kamba ukiwa juu.

Maswali ya kuuliza

Shefu wa kartie au shefu wa nyumba kumi akitangaza kwamba mabomba au nyaya zitapitishwa, kikundi kitume wamama wawili au watatu kwenye mkutano wakiwa na maswali haya:

1. Kazi itafanywa kwa mfereji au kwa kutoboa? Kwa nini mmechagua hivyo hapa kwetu?

2. Mmepima udongo na mwamba wa mahali hapa, au mmechukua vipimo vya mji mwingine?

3. Nani amewaonyesha mabomba, nyaya, vyoo na makaburi yaliyo njiani? Mtapita nyumba kwa nyumba kuuliza?

4. Maji ya kazi yatatoka wapi? Ndani ya tope mtaweka kitu gani zaidi ya bentoniti? Tope lililotumika mtalimwaga wapi?

5. Mashimo yatakaa wazi siku ngapi? Nani atayalinda usiku?

6. Mkipiga bomba letu, maji yatarudi baada ya siku ngapi, na tutakunywa nini katika siku hizo?

7. Ukuta wa nyumba ukipasuka au uwanja ukididimia, tumwendee nani? Tupeni jina na namba ya simu kwa maandishi.

8. Kazi ikiisha, mtaacha ramani kwa shefu, inayoonyesha bomba limepita wapi na liko chini kiasi gani?

Swali la nane ni la wajukuu wetu. Bila ramani hiyo, atakayechimba baada yetu atapiga bomba hili kama sisi tulivyopiga lile la mparachichi.

Msikubali jibu la "mambo ya ufundi hamtayaelewa." Mwanamke anayejua kupitisha lastiki anaelewa. Na kama mmoja wenu anajua kuandika vizuri, aandike majibu mbele yao, tarehe juu, na msemaji wao atie sahihi.

Maji ya kwanza si ya kunywa

Siku robine mpya inapofunguliwa tunacheza, na kila mtu anataka kuwa wa kwanza kujaza. Tungojee kidogo. Bomba jipya lina vumbi, udongo na mikono ya watu ndani yake. Linapaswa kwanza kujaribiwa kwa maji yenye nguvu ili kuona kama linavuja. Kisha linajazwa maji yenye klori nyingi, ambayo kwa kawaida yanaachwa humo saa 24, ndipo yanamwagwa, bomba linasuuzwa, na maji yanapimwa. Ulizeni kama hayo yamefanyika. Mpaka mpewe jibu, maji hayo ni ya kufua na kuosha sakafu. Ya kunywa yachemsheni au mtie klori kama kawaida, hasa ya watoto wachanga na ya wamama wajawazito.

Kazi yetu ya juma hili

Sasa ile kazi niliyowaahidi. Haihitaji pesa, inahitaji karatasi kubwa, kalamu za rangi na alasiri moja.

Kaeni watu wa mtaa mmoja. Choreni barabara, nyumba na miti mikubwa. Kisha waiteni wazee, hasa wamama walioolewa mtaani hapo zamani, na muwaulize polepole. Bomba la kwanza lilipita wapi? Choo cha zamani cha nyumba hii kilikuwa upande gani? Kisima kilichofunikwa kiko wapi? Waya wa umeme umezikwa mahali gani? Nani amezikwa uani? Wekeni rangi ya buluu kwa maji, nyekundu kwa umeme, kahawia kwa vyoo, na msalaba mdogo kwa makaburi. Pimeni kwa hatua za miguu kutoka kwenye kitu kisichohama, kama kona ya kanisa au mwamba mkubwa, kwa sababu miti inakatwa na kuta zinabomolewa. Andikeni tarehe. Nakala moja ikae kwa kikundi, moja kwa shefu.

Sisi tumeanza yetu Jumamosi iliyopita. Tulikuwa wamama kumi na mmoja na nyanya wawili. Kwa saa tatu tulipata vyoo tisa vya zamani, mabomba mawili yasiyotumika, na kaburi moja ambalo hata mwenye nyumba wa sasa hakulijua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza jina la mtoto.

Yule mama mzee wa mparachichi alikuja wa kwanza. Mti wenyewe ulikwisha kukatwa, lakini alitupeleka hadi pale ulipokuwa, akahesabu hatua kumi na nne kutoka kona ya ukuta, akakanyaga chini kwa kisigino. "Hapa," alisema. Tukaweka alama ya buluu.